Hiyo Karatasi ya Mazoezi Haijawahi Kukanyaga Mchanga wa Kipsing

Wasee, leo siongelei siasa za kaunti wala nani amenunua gari gani. Leo niko na noma na karatasi. A4, nyeusi na nyeupe, fotokopi ya fotokopi hadi sura ya jamaa aliyechorwa imefutika. Amesimama nyuma ya kiti, ameinua mguu mmoja. Chini imeandikwa: rudia mara 10, mara 3 kwa siku. Hiyo ndiyo karatasi anti yangu alipewa baada ya kusafiri kutoka Kipsing mpaka hospitali moja kubwa, jina silitaji, kwa sababu anaanguka. Anaanguka juu ana MS. Akaambiwa afanye hayo mazoezi na arudi baada ya miezi 3.

Nyumbani kwake hakuna kiti chenye mgongo.

Sasa kabla mjaze komenti: ndio, niliacha chuo mwaka wa pili, na zii, mimi si daktari. Lakini macho niko nayo, data niko nayo, na kusoma utafiti hakuhitaji gauni. Ninachosema ni hiki na sitakizungusha. Mazoezi ya kusimama imara ambayo hayakupangwa kufuata mwili wa huyo mtu, na ardhi ambayo huyo mtu anakanyaga, si matibabu. Ni njia ya adabu ya kumwambia aende nyumbani.

Tuanze na ugonjwa, najua wengi wenu mnausikia mara ya kwanza. MS ni multipo sklerosisi. Kinga ya mwili, ile inafaa kupigana na viini, inageuka na kushambulia utando wa mafuta unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Fikiria waya wa stima uliochunika plastiki. Ujumbe unapita lakini unachelewa, saa zingine unapotea njiani. Daktari Mfaransa, Jean-Martin Charcot, aliueleza mwaka 1868, kwa hivyo msiniletee story za 5G. Mara nyingi unaanza kati ya miaka 20 na 40, na wanawake wanaupata angalau mara 2 kuliko wanaume. Huo ni umri wetu, sio wa shosho.

Halafu kuna wale wa "huo ni ugonjwa wa wazungu". Hawa ndio wananichosha zaidi. Ni kweli MS iko nyingi kwenye nchi za mbali na ikweta, na Kipsing iko karibu kabisa na ikweta. Lakini kuwa chache na kutokuwepo ni vitu viwili. Mwaka 1970 British Medical Journal ilichapisha ripoti ya MS kwa Mwafrika. Mwaka 1989 East African Medical Journal ikachapisha makala kuhusu MS hapa hapa Kenya. Hesabu ya dunia ya mwaka 2020 ilisema watu milioni 2.8 wanaishi nayo. Na ili uingie kwenye hesabu kama hiyo unahitaji daktari wa neva na picha ya MRI. Kwa anti hiyo ilimaanisha Nairobi, na kutoka Isiolo tauni peke yake ni karibu kilomita 270, hujahesabu barabara ya kutoka Kipsing kufika Isiolo. Asiyefika huko hahesabiwi. Huku nyumbani anaitwa mlevi.

Anti ameitwa mlevi na watu ambao hawajawahi kumwona na chupa. Ameitwa mvivu. Wengine walisema amelaaniwa, na hao angalau walimletea maziwa.

Rudi kwa karatasi. Kwa nini moja haiwezi kutosha kila mtu? Kusimama wima ni kazi ya timu. Macho yanasema uko wapi. Sikio la ndani linasema kichwa kimeinama upande gani. Nyayo, vifundo na magoti yanatuma habari kupitia uti wa mgongo kwamba hapa ni jiwe, hapa kunateremka. Sehemu ya nyuma ya ubongo, serebelamu, inapanga hizo habari na kurekebisha misuli kabla hata hujajua umeyumba. MS inaweza kugonga yoyote kati ya hizo. Inaweza kugonga tatu kwa pamoja.

Kwa hivyo chukua watu wenye MS wanaoanguka, uwapange mstari. Wa kwanza miguu yake haitumi habari, anategemea macho, so mchana yuko fiti na usiku anaanguka kama gunia. Wa pili serebelamu ndiyo imeguswa. Huyo anayumba hata macho yakiwa wazi, anatembea ametanua miguu. Mwingine kidole cha mguu hakiinuki vizuri, kila jiwe linamkwaa. Mwingine anaanguka tu akigeuza kichwa haraka, kama mtu akimwita kutoka nyuma. Na kuna yule ambaye asubuhi huwezi hata kujua ni mgonjwa, ikifika saa nane mchana amekwisha.

Kuwatofautisha hawa hakuanzi na mashine ya mamilioni. Kuna kipimo cha tangu karne ya 19 kinaitwa Romberg: simama miguu pamoja, funga macho, mtu akae karibu akudake. Ukiwa sawa macho yakiwa wazi na unayumba yakifungwa, tayari fizio amejua kitu. Bei yake ni dakika moja. Anti hakufanyiwa. Alipewa karatasi.

Na sio eti sayansi haijajaribu kulenga. Mwaka 2018 jarida la Neurology lilitoa utafiti wa Colorado, watu 88 wenye MS. Kundi moja lilipewa mazoezi yaliyolenga sikio la ndani, macho na kusimama katika hali ngumu, na uwezo wao wa kusimama imara ukaboreka kuliko wale ambao hawakupewa. Poa. Halafu mwaka 2019 watu wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio na kuyapima yote pamoja, wakaangalia swali la kuanguka. Wakaona mazoezi yanaweza kusaidia watu kusimama imara na kutembea vizuri. Lakini ushahidi kwamba yanapunguza kuanguka kwenyewe haukuwa wa uhakika.

Soma hiyo tena polepole. Unaweza kuongeza alama kliniki na bado uanguke nyumbani.

Mimi nadhani najua kwa nini, na hapa ni maoni yangu, mnaweza kunipinga. Angalia hizo alama zinatoka wapi. Kipimo kimoja maarufu kinaitwa Berg, kilitoka Kanada mwaka 1989. Kina vitu 14, alama 56. Inuka kutoka kwa kiti. Geuka mzunguko mzima. Okota kitu chini. Simama kwa mguu mmoja. Ni kipimo kizuri, sikitukani. Lakini kinafanywa kwa sakafu ngumu, ndani, mikono mitupu, na mtu amesimama kando yako. Sasa niambie ni saa ngapi kwa siku mama wa Kipsing anakanyaga sakafu ngumu akiwa mikono mitupu.

Wacha niwapeleke. Lugga ikiwa kavu ni mchanga mtupu, na maji yako chini ya huo mchanga. Unachimba, unachota na kikombe hadi mtungi wa lita 20 ujae. Hizo ni kilo 20. Mtungi unaenda mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mwili umeinama mbele, macho yanaangalia chini. Kisha unapanda ukingo wa lugga. Mchanga unazama kila hatua, kwa hivyo kama nyayo zako hazitumi habari vizuri, hapo hazitumi kabisa. Macho nayo hayaoni mbele. Hiyo timu niliyowaambia imebaki na mchezaji mmoja, na ni sikio.

Mlango wa manyatta ni wa chini. Unaingia umekunja mwili wote kutoka kwa jua kali hadi giza, ndani ya sekunde 2. Mtu wa Nairobi anaona ni mlango tu. Kwa mtu ambaye macho yake yanachelewa kuzoea na kichwa kikiinama dunia inazunguka, ni hatari kubwa kuliko ngazi za KICC.

Jua lenyewe sasa. Mwaka 1890 daktari Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kuhusu wagonjwa ambao macho yao yalififia wakifanya kazi ngumu. Baadaye ikajulikana kwamba ni joto. Mwili ukipanda joto hata kidogo, neva iliyochunika inashindwa kabisa kupitisha ujumbe, na ukipoa inarudi. Haimaanishi ugonjwa umeongezeka, lakini kwa hiyo saa moja mtu anaweza kushindwa kusimama. Kila mtu anayejua MS anajua hii kitu. Na bado karatasi inasema mara 3 kwa siku, haisemi saa ngapi. Anti alikuwa anafanya ya pili saa saba mchana. Saa saba! Kipsing! Hata mbuzi wako chini ya mti.

Usiku ndio sitaki kuongea sana, lakini lazima. MS inaweza kugusa kibofu, ukibanwa umebanwa sasa hivi, hakuna dakika 5. Kwa hivyo mtu anaamka gizani, anakimbia, miguu haina habari, macho hayana mwanga, nje kuna mawe na miiba. Kuanguka kwa MS si jambo la nadra hata kwenye nchi zenye taa kila kona: zaidi ya nusu ya watu walio nayo huanguka ndani ya miezi 3. Anti aliwahi kulala chini nje mpaka mtoto wake akaamka. Karatasi haikuuliza kuhusu choo. Hakuna mtu aliuliza kuhusu choo.

Aliongezewa pia gongo la alumini, lile lenye kofia ndogo ya raba chini. Nzuri sana kwa taili. Kwa mchanga linazama kama kijiti ndani ya uji, na wewe umeliegemea.

Sasa nigeukie watu wangu, tunaotengeneza kontenti. Juu hatujasaidia. Nimeandika "mazoezi ya kizunguzungu" kwa TikTok nikahesabu klipu 12 kabla nichoke. Ni zile za mwanadada wa jimu, mkeka wa yoga, muziki wa amapiano, "fanya haya matatu na hutaanguka tena". Mtu anaambiwa asimame kwa mguu mmoja afunge macho, peke yake, kwa nyumba. Buda, kama huyo mtu ni yule wa kwanza kwenye mstari wangu, umemwambia aanguke. Hujui ana MS au ana sukari, au amekosa vitamini B12, au alipata kiharusi kidogo hakujua. Zote zinaweza kumfanya mtu ayumbe na kila moja ina njia yake. Lakini watazamaji walikuja, si ndio?

Najua jibu linakuja, nimelisikia hadi nimelikariri. "Kumpangia kila mgonjwa mazoezi yake ni mambo ya Ulaya. Sisi hatuna fizio wa kutosha, foleni ni ndefu, wacha tuwape karatasi angalau wapate kitu." Hii hoja inaonekana ya huruma. Mimi naona ni kinyume. Mtu wa London akipewa mazoezi yasiyomfaa atarudi wiki ijayo na basi. Anti akirudi ni siku 2, nauli, mtu wa kubaki na watoto, na labda mbuzi mmoja ameuzwa. Ni yeye ndiye hawezi kumudu mazoezi ya kubahatisha. Kama utamwona mara moja kwa miezi 3, basi hiyo mara moja ndiyo inafaa kuwa ya kwake kabisa.

Na tunajua inawezekana kwa sababu baadaye ilifanyika. Si kwa mashine. Alikutana na fizio mwingine, kijana tu, kwa kituo kingine, akakaa naye kama saa moja. Nilikuwepo, nilikuwa namtafsiria. Alianza na maswali: umeanguka wapi mara ya mwisho? Saa ngapi? Ulikuwa umebeba nini? Ulikuwa unaenda wapi? Akamfanyia Romberg. Akamtembeza kwa vigae, kisha akamtoa nje akamtembeza kwa changarawe ya parking, askari wa geti akiwaangalia kama wamechizi. Akagundua anti yuko pale kwa wa kwanza, miguu haitumi habari, plus kuchoka.

Mazoezi yakawa yake. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya jua, chini ya mti anaoweza kuushika. Kwanza ardhi ngumu. Akizoea, ukingo wa lugga. Akizoea hapo, mchanga. Mtungi wa lita 5 mtupu, kisha wenye maji kidogo, kisha robo tatu. Mtoto mkubwa anakaa karibu kila wakati. Akahisi joto limepanda, anaacha, analowesha leso anaweka shingoni, hajifanyi shujaa. Ile lita 20 ni ya punda, na hiyo ikaongelewa na mzee wa nyumba mbele ya watu ili isionekane ni uvivu. Tochi ya kichwani. Beseni ndani ya nyumba usiku, na barua kwa daktari kuhusu kibofu juu kina dawa. Akala zikafungwa kamba nyuma ya kisigino zisicheze. Gongo likabadilishwa na fimbo ya mti yenye kitako kipana, imechongwa na jirani kwa bei ya sukari kilo moja.

Na kitu kimoja ambacho karatasi zote nimeona hazina: akamfundisha kuinuka. Ukishaanguka, geuka upande, panda magoti, shika kitu, pumua, inuka. Walirudia hadi akaweza peke yake. Bado anaanguka, sitawadanganya. MS haitoki kwa mazoezi, na dawa za kupunguza kasi yake ni story nyingine ya uchungu: Shirika la Afya Duniani liliingiza 3 kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023, na kuingia kwenye orodha Geneva hakujazi rafu ya famasia huku. Lakini tofauti ya kuanguka ukainuka na kuanguka ukalala nje hadi asubuhi, hiyo si ndogo.

Saa moja. Hakuna kitu pale kilihitaji stima.

Sasa niambie kwa nini hiyo iwe bahati ya kukutana na kijana mmoja mpole. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima, na mifuko yao ina kipimo cha presha na cha sukari. Fresh. "Umeanguka mara ngapi mwezi huu, na wapi?" haihitaji betri. Majibu yaandikwe, yamfikie fizio kabla mgonjwa hajafika, halafu yule mhamasishaji ndiye apite kuangalia kama mazoezi yanafanyika na kama yanafaa kupandishwa. Fizio anafuatilia kwa simu. Kwenye mipango ya LAPSSET Kipsing ndipo pa kujengwa mji wa kitalii, mahoteli na kila kitu. Uwanja wa ndege wa Isiolo ulishapanuliwa, ulifunguliwa 2017. Tumeweza kuwaza mtalii atakavyoshuka ndege. Tuwaze pia mama atakavyopanda ukingo wa lugga.

Na nyinyi walimu wa KMTC, kama hii itawafikia: wapelekeni wanafunzi wenu kwa mchanga. Siku moja tu. Wape mtungi.

Kwa wewe unayesoma na una mtu nyumbani ambaye ameanza kuyumba, kwanza afike kwa daktari, usimpangie wewe. Lakini kabla ya hiyo safari, toa simu. Muombe ruhusa, kisha mrekodi akitembea pale anapoangukia kweli: mlangoni, kisimani, njia ya choo. Rekodi asubuhi na rekodi jioni, juu ni watu 2 tofauti. Sekunde 20 kila moja zinatosha. Usiweke muziki, na usiiposti popote, hiyo si kontenti. Andika kwa kikaratasi ameanguka wapi na saa ngapi. Ukifika kwa fizio na akaanza kuvuta ile fotokopi kutoka kwa droo, mwambie kwa heshima, "Daktari, samahani, naomba kwanza uangalie hii," halafu umpe simu, mwanga umewekwa juu kabisa.